Habari ya Kusimama na Habari ya Kukaa

Enzi zetu kule landhi za reli, zile nyumba za chumba kimoja za wafanyakazi, Nakuru, habari ilikuwa na miguu. Mkinicheka kwamba msichana wa kidato cha pili hana enzi, chekeni tu. Nyinyi mlioruka kamba kwenye vumbi lile, mkaziba pua upepo wa ziwa ulipogeuka, mnanielewa.

Baba, fundi wa mabehewa, alikuwa na sheria: jambo lililoonwa kwa macho, lisemwe umesimama. La kudhani ama la kuambiwa, kaa chini kwanza. "Ati haina miguu," alizoea kusema. "Ikae!" Basi chakula cha jioni kilifanana na ibada. Treni ya Kisumu imechelewa, tunasimama na bakuli zetu za nyoyo, yale mahindi na maharagwe ya kuchemsha. Dereva alikuwa amelewa, tunakaa. Mahindi yalimwagika, maharagwe yakabingirika mpaka mlangoni.

Sasa, kaka yangu Barasa alikuwa golikipa wa vijana wa reli, na timu ya Bahati ikawafunga siku ambayo Baba alikuwa kazini. Baba alikuwa ameapa kwamba mtoto mvivu hatavaa buti za mpira nyumbani kwake. Gazeti lilipofika, buti za Barasa zilikuwa tayari magotini pa Baba, zikingoja hukumu. Msomaji ni mimi, niliyeona haya hata mbele ya kuku.

Nikasimama. "Vijana wa reli walifungwa mabao matatu." Barasa akainama. "La mwisho lilipita katikati ya miguu ya golikipa..." Bado nimesimama. Barasa akanitazama kama nimemuuza sokoni. "...kwa sababu ya uvivu wake."

Nikakaa.

"Wewe, mbona umekaa?"

"Mpira watu wa gazeti waliuona, Baba," nikanong'ona. "Lakini uvivu... hiyo ni ati."

Mama akacheka mpaka mwiko ukamponyoka. "Si ni sheria yako, Baba Barasa? Nawe kaa nayo!"

Baba akazigeuza buti, akachungulia soli kana kwamba habari iliyobaki imeandikwa huko, kisha akamrushia Barasa. "Haya, shika. Na siku nyingine ufunge miguu, wewe!"

Siku hizi bwenini wasichana husoma gazeti wamelala, ukweli na dhana ndani ya blanketi moja, na huapa kwa yote. Mimi huinuka, hukaa, huinuka tena. Huniuliza kama ni kunguni. Kwa kuona haya, mimi hujibu ndiyo. Lakini treni ikipiga honi kule bondeni, nakitamani kile chumba kimoja cha landhi, ambamo mtu akikaa, kila mtu anajua kwa nini.