Jicho la Clarrie Hatchard

Clarrie Hatchard aliuza nyama Wirrabee tangu mimi sijaolewa, na siku zote za mwaka alikuwa muuza nyama tu, mwenye tumbo na aproni. Lakini Jumamosi ya Kombe alikuwa mfalme. Mji wetu una vumbi, nzi na mbio za farasi za Kombe mara moja kwa mwaka, na mtu anayetufurahisha siku hiyo tunamsamehe hadi mwaka mwingine ufike.

Asubuhi ya Kombe chama cha mbio hutoa chai na soseji chini ya banda la bati, na farasi wa mbio kubwa husimamishwa kwenye uwanja mdogo ulio mbele ya banda, kila mmoja na mwenyewe kashika hatamu. Clarrie hupanda juu ya pipa tupu la bia na kuwapima. Huanza na yule anayempa ushindi, kisha anateremka mmoja mmoja hadi mkiani, na kila mmoja anapata mzaha wake. Farasi wa mwisho huvishwa kengele ya ng'ombe na kuzungushwa uwanjani huku banda zima likilia kama zizi la ng'ombe. Mwenye farasi haruhusiwi kujibu neno, na akijibu anawanunulia bia wote waliopo. Wageni wanaotoka miji mikubwa hututazama kwa jicho baya. Wanatuita wakatili, nasi tunawaongezea soseji.

Usidhani ni mchezo unaokwisha jioni. Kev Dunleavy alivishiwa farasi wake kengele miaka mitatu mfululizo. Aliuza farasi, akafuga mbuzi, na mpaka leo akiingia posta kununua stempu kuna mtu atamlilia kama ng'ombe nyuma ya foleni. Mkewe hakuja tena mjini. Anaagiza vitu kwa simu.

Jicho Clarrie alikuwa nalo, sitamnyima haki yake. Alitazama jasho katikati ya mapaja ya farasi, alitazama pumzi ubavuni, alitazama nyayo mchangani. Nimekaanga soseji za chama miaka mingi, nikiwa nimeligeuzia pipa lake mgongo, na mara chache sana nimesikia farasi aliyemtaja wa kwanza akimaliza wa tatu. Shida yake ilikuwa ulimi. Alipenda kicheko cha watu kuliko chakula, na chakula mnaona wenyewe tumbo lilivyokuwa.

Mwaka ninaousema ulikuwa wa tatu wa ukame. Beryl Pattendon alikuwa amemzika mumewe, Alf, majira ya baridi yaliyopita. Akauza kondoo, akauza trekta, na katika mali yote ya Alf akabaki na farasi jike mmoja, Tarella, rangi ya chai ya maziwa, mbavu zikihesabika. Alf alimzoesha Tarella kutembea akiwa amefungwa nyuma ya trekta, taratibu, kichwa chini, na mpaka mwaka huo akiongozwa kwa hatamu alikwenda hivyo hivyo, utafikiri anatafuta sindano. Beryl alimlisha makapi aliyoyachanganya na molasi kwa mikono yake mwenyewe, na sote tulijua hesabu yake ilivyokaa. Tarella akishinda Kombe, kwa fedha za zawadi malisho yangepatikana mpaka mvua inyeshe. Asiposhinda, kulikuwa na lori la Stanaway.

Stanaway huja kila Kombe. Hapigi kelele, haweki dau. Anaegesha nyuma ya tangi la maji na kungoja farasi waliochoka, waliovunjika na waliowachosha wenye mali, kisha anawapeleka kwenye machinjio ya nyama ya kulishia mbwa, mji wa tatu kutoka hapa. Ni mtu mpole. Huwa nampelekea chai.

Alfajiri ya Jumamosi ile Clarrie alikwenda peke yake kwenye uzio wa kiwanja cha mbio, kama kawaida yake, kuwaona farasi wakinyooshwa miguu kabla jua halijawa kali. Aliyoyaona huko alinieleza kwa mdomo wake mwenyewe, baadaye sana, nami nayaweka hapa mahali pake. Tarella alipita mbele yake, mpanda farasi wake Doug Ferrier mgongoni, na alipoachiwa hatamu kidogo tu kile kichwa cha kutafuta sindano kikainuka. Clarrie alipita chini ya uzio akaenda kuangalia nyayo. Kwato ya nyuma ilikuwa imekanyaga mbele ya alama ya kwato ya mbele, ikaipita kwa shibiri nzima, na hakuna farasi mwingine wa siku ile aliyekaribia hapo. Tarella aliporudi, ubavu wake ulikuwa umeshatulia kabla Doug hajashuka. Kwa maneno yake, wengine wote siku hiyo wangeona mkia wa Tarella tu.

Lakini mzaha alikuwa ameshautunga. Aliutunga Ijumaa pale baa, akaujaribu kwa watu wawili, wote wakamwaga bia kwa kucheka.

Basi akapanda pipa. Wa kwanza akamtaja Kingsway, wa mwenyekiti wetu, Ross Ambery, naye Ross akavuta mkanda wa suruali kama mtu asiyetarajia. Wa pili huyu, wa tatu yule. Mmoja aliambiwa ana moyo mkubwa ila umelala. Mwingine aliambiwa akifika mwisho wa kiwanja kabla ya giza apewe nishani. Watu walikuwa wameshalainika, na macho yalianza kumtafuta Beryl, aliyesimama pembeni na kofia ya Alf kichwani, mkono mmoja juu ya shingo ya Tarella. Tarella kichwa chini.

"Na mkiani," Clarrie akasema, "tunaye mjane." Akanyamaza ili wachanganyikiwe ni mjane yupi. "Mwoneni alivyoinamisha kichwa. Anamtafuta Alf. Mwambieni mwenzenu Alf yuko futi sita chini, aongeze bidii ya kuchimba."

Banda zima lilivunjika mbavu kwa kicheko. Wapo waliojifuta machozi. Mimi sikucheka, wala si kwa wema, nilikuwa nageuza soseji na moshi ulikuwa machoni. Ross Ambery mwenyewe ndiye aliyeleta kengele, akaivisha Tarella, na Tarella akaikubali kama alivyokubali kila kitu. Wakaanza kulia kama ng'ombe.

Beryl hakuzunguka uwanja. Alisimama palepale mpaka sauti zikapungua, kisha akajibu, jambo ambalo halijafanywa na mtu yeyote nikiwa hai.

"Bia nitanunua," alisema. "Clarrie, nina swali moja. Sikuulizi mzaha, nakuuliza wewe unayejua. Ana chochote huyu? Ukiniambia anacho, anakimbia. Ukiniambia hana, simkimbizi juani ili mchekelee mbavu zake. Malisho sina. Lori liko pale nyuma, nitampeleka sasa hivi, angali ameshiba."

Hata nyama kwenye bati nilihisi inasikiliza. Kila mtu alimtazama Clarrie, nami niligeuka, mwiko mkononi, nikamtazama pia. Nilidhani atashuka. Mtu anashuka kwenye pipa, anamvuta mwanamke pembeni, anamnong'oneza. Hakuna ambaye angemcheka kwa hilo, au labda wangemcheka kidogo, hadi chakula cha mchana.

Clarrie aliwatazama watu, si Beryl. Waliokuwa mbele walikuwa wameshaanza kutabasamu, wanangoja.

"Anacho, bibie," akasema. "Ana kilo mia nne. Mwulize Stanaway bei."

Kicheko cha pili kilikuwa kikubwa kuliko cha kwanza. Beryl alitikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyepewa jibu la daktari. Akaivua kengele, akaitundika kwenye msumari wa uzio, akamwongoza Tarella kuzunguka banda kuelekea kwenye tangi. Tarella alipanda lori bila kusukumwa, maana Alf alimzoesha kupanda kitu chochote alichoonyeshwa. Stanaway alivua kofia. Beryl alirudi, akalipia bia za banda zima, akakaa kwenye benchi la mwisho akiwa na hatamu tupu mapajani. Hapo ndipo watu walipopunguza sauti, wakaanza kuzungumzia mvua.

Jioni Kingsway alishinda. Mbio zilikuwa dhaifu, hata mimi nisiyejua saa ya mbio niliona wanavyojikokota, lakini alishinda, na Clarrie alibebwa begani kwa kumtaja wa kwanza. Ross Ambery alitoa hotuba. Alisema Wirrabee inaweza kukosa mvua lakini haiwezi kukosa jicho la Clarrie Hatchard. Tukapiga makofi.

Mvua ilikuja miezi minne baadaye, majani yakafika magotini. Siku moja nilikuwa dukani kwa Clarrie, na Beryl alikuwa mbele yangu akinunua nyama ya kusaga. Maduka mengine ya nyama yako mbali, na yeye gari hana. Clarrie alimfungia vizuri, akamuulizia mgongo wake, akamwita bibie. Beryl akalipa akatoka. Ndipo Clarrie alipoegemea kaunta na kunieleza yale ya alfajiri, nyayo, shibiri, ubavu uliotulia, mkia. Alieleza kwa raha, kama mwindaji. Nilimwacha amalize.

"Nakwambia wewe, Noeline, kwa kuwa hupayuki," akasema. "Mimi nikifa wasije wakasema kuna mwaka nilikosea. Yule jike nilimwona. Kombe lile lilikuwa lake."

Nilimchukia. Nilimchukia pale pale, na nyama yangu ikiwa kwenye mizani yake. Nikamuuliza kwa nini basi hakusema.

"Niseme nini? Watu walikuwa wameshacheka," akajibu, akinishangaa kweli kweli. "Lakini umenisikia? Nilimwona."

Kengele ya mlango wa duka haikuwa imelia kwa sababu mlango haukuwa umefungwa. Beryl alikuwa bado kizingitini, mfuko wa nyama umeninginia kwenye kiwiko, akifunga kamba ya kofia. Sijui alikuwa amesikia tangu wapi. Alimaliza kufunga kamba kwanza.

"Hata mimi nilimwona," alisema. "Kila asubuhi nilimwona. Nyayo zake nilizipima kwa mkono wangu. Nilikuwa na hakika mpaka uliposema."

Nilingoja Clarrie aone haya. Nilingoja hata uso ubadilike rangi kidogo. Aliinua kidole, akamwelekezea kwa heshima, kama mafundi wawili wanapokutana barabarani.

"Shibiri nzima, eeh?" akasema. "Una jicho zuri, bibie."

Beryl akamshukuru, maana ndivyo alivyolelewa, akatoka kwenda zake nyumbani kwa miguu.