Miguu Iliyotulia

Fundi viatu wa mtaani kwetu tulimwita Kisigino, na jina hilo alilikubali hata akalipaka rangi juu ya mlango wa kibanda chake. Maisha yake yote alikaa kwenye kiti kifupi, mgongo umepinda, kiatu cha mtu mapajani, akiwaandalia wengine safari ambazo yeye hakwenda. Alikuwa na utaratibu wake. Kiatu kikiwa tayari alikuambia, "Vaa, tembea mpaka kwenye nguzo ile, urudi." Unapotembea, hatazami kiatu. Anakutazama usoni. Ukikunja hata jicho moja, kiatu kinarudi mapajani. Kuingiza vidole ndani na kupapasa aliona ni kazi ya wanafunzi.

Mwaka ule alitia nia ya kuufuata kwa miguu mto unaopita chini ya daraja letu mpaka unakochimbuka, huko milimani. "Nimeuona ukipita tangu utotoni," alisema. "Nataka niuone ukizaliwa." Wa kumsindikiza alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe, dereva wa lori aliyewahi kupeleka mbao kule.

Basi kibanda kikifungwa, jioni wawili hao walikaa mezani kwa Kisigino na ramani waliyoichora wenyewe. Walibishana mahali pa kupiga hema, mahali mto unapovukika, na nani abebe sufuria. Sehemu kubwa ya njia haikuwa na kijiji wala barabara, na simu hazikushika.

"Shemeji, wewe ngazi za sokoni tu zinakutoa ulimi," dereva alimchokoza.

"Na wewe uliyezoea kukanyaga breki, mawe utayaweza?"

"Ukichoka nitakuviringisha kama tairi la akiba."

Mkewe Kisigino alikuwa akikunja nguo pembeni. Alicheka nao, lakini kidogo tu. Mumewe alikuwa na ugonjwa wa sukari, na vidonge alivimeza siku alizovikumbuka.

"Na ile miguu iliyokuwa ikikuwaka moto?" aliuliza.

"Imetulia, mama watoto. Siku hizi hata siisikii. Dawa imefanya kazi."

Alilisema kwa furaha, na hakuna aliyelitilia shaka.

Buti za safari alizishona mwenyewe: ngozi nene, soli mbili, visigino vimepigiliwa misumari midogo. Ili zilainike, alizivaa nyumbani kila jioni, akitembea toka mlangoni hadi jikoni na kurudi kama askari wa zamu. "Hazibani, hazichubui," alijisifu. "Katika maisha yangu sijapata kushona kiatu kitamu kama hiki." Nani angembishia? Mguu haukulalamika, na uso wake mwenyewe hakuwa na wa kumtazamia.

Mkewe ndiye aliyeanza kuona madoa sakafuni. Aliyadhani ni rangi ya kiatu, akayafuta, akanung'unika kwamba nyumba imegeuka karakana. Kesho yake yakawepo tena, yakifuata njia ileile kutoka mlangoni hadi jikoni. Alipokikamua kitambaa, maji ya ndoo yakageuka mekundu.

"Vua kiatu," alisema akirudi sebuleni.

"Kuna nini? Tunapanga hapa."

"Nimesema vua."

Dereva alifungua kinywa atie utani, akamwona dada yake usoni, akakifumba. Buti la kulia lilitoka kwa shida. Soksi ilikuwa imegandamana na kisigino, na ilipobanduka ikatoa harufu iliyomfanya dereva asogeze kiti nyuma. Ndani ya buti, ncha ya msumari ilikuwa imechomoza kupita ngozi ya chini. Kisigino hakuutazama mguu. Alilitazama buti, akalipindua kwenye mwanga, akatikisa kichwa kama anayepokea kazi ya mteja.

"Msumari umepitiliza. Nipe nyundo, si kazi kubwa."

"Sisemi kiatu, baba! Nasema mguu! Umeukanyaga msumari huo siku zote hizi?"

"Mbona haukuuma?"

Mkewe alikwenda chumbani, akarudi na sindano ya kushonea nguo, akaketi sakafuni na kuupakata mguu ule.

"Fumba macho. Nikikuchoma, sema."

"Sasa nimekuwa mtoto wa kliniki?"

"Fumba."

Akafumba, akitabasamu. Mkewe alimchoma kidole gumba. Akamchoma unyayo, karibu na tundu jeusi la msumari. Akamchoma juu ya mguu.

"Haya, anza basi," Kisigino alisema. "Au unaogopa?"

Dereva aliinama kutazama, akashika ukingo wa meza. Sindano ilipita kwenye kifundo, ikapanda. Tabasamu la Kisigino lilikuwa bado lipo, ila lilianza kuchelewa, kama mtu anayesubiri mlango uliobishwa ufunguliwe.

"Hapo!" alisema hatimaye. "Hapo nimesikia. Ndiyo unaanza?"

Akafumbua macho. Sindano ilikuwa katikati ya muundi, na chini yake, hadi kwenye vidole, vilijipanga vitone vidogo vya damu.

Dereva aliikunja ramani taratibu, akachukua funguo za lori na kwenda kuliwasha. Kisigino hakumzuia. Alikuwa akimtazama mkewe. Mkewe alilivua buti la pili, akaushika mguu wa kushoto.