Fungu la Mtumbwi

Juzi nilikwenda Ujiji kwenye arobaini ya jirani yetu wa zamani. Pilau lilikuwa zuri, sina neno na pilau. Neno langu ni kwa wasemaji. Kila aliyesimama alimsifu marehemu kwamba enzi za wakimbizi alikuwa baba yao, mtu wa huruma, mtunza amana. Niliposikia hilo la amana, nililirudisha tonge sahanini. Wafu hawasemwi vibaya, najua. Basi nitakusimulia habari za uvuvi tu, na yeye akijitokeza humo, shauri yake.

Utotoni mwangu Jumamosi ilikuwa siku ya ziwani. Tukishakula ugali wa muhogo na dagaa wa mawese, jirani alipita mtaani akipiga mluzi, nasi watoto tukamfuata hadi ufukweni. Mtumbwi ulikuwa mpana, wa mbao, una mstari wa buluu ubavuni, na ulivuja kwa mbele. Wavuvi wawili walipiga makasia. Kazi yetu sisi ilikuwa kuchota maji yaliyoingia, kwa sufuria moja iliyobonyea upande. Nakwambia, sijapata raha ya namna ile tena. Maji yalikuwa maangavu, ukiinama unaona mawe chini, na samaki wale migebuka wakivutwa na nyavu walimeta mpaka unafumba macho. Jirani mwenyewe hakuwahi kushika kasia. Alikaa nyuma na koti lake, akiwafundisha wavuvi kazi asiyoijua. Walimwitikia, "Ndiyo, Mzee," kisha wakafanya walivyozoea.

Tukirudi jioni, watu waliokuwa ufukweni walisaidia kuvuta mtumbwi mchangani, na kila mvutaji alipewa samaki wawili watatu wa kitoweo. Waliobaki waligawanywa: fungu la wavuvi, fungu la nyavu, na fungu la mtumbwi, ambalo ni haki ya mwenye chombo. Hilo alilibeba jirani, na kuhe, wale samaki wakubwa, wote wanono walikuwa humo. "Chombo nacho kina tumbo," alipenda kusema. Tumbo lenyewe tulikuwa tunaliona, limetangulia mbele ya koti.

Sasa, mtumbwi ule aliupataje? Mtaa mzima ulijua. Watu walipokuwa wakikimbia vita Kongo na kuvuka ziwa, alifika mama mmoja na watoto wake watatu ndani ya mtumbwi huo. Alipotezana na mumewe njiani. Kabla malori hayajawachukua kwenda kambini, jirani alishuka ufukweni amevaa kanzu safi, akamwambia asiwe na wasiwasi, chombo chake atakitunza mpaka atakapokihitaji. Yule mama alimshukuru kwa mikono miwili. Wiki haikupita, nyavu zikawa ndani.

Jumamosi moja tulirudi tukakuta miongoni mwa wavutaji mwanamke mwembamba wa kitenge kilichopauka. Alikuwa ni yule mama. Alikuwa amepewa kibali cha kutoka kambini siku ile tu, kwa sababu alisikia mumewe ameonekana hai ng'ambo, na bila mtumbwi hakuwa na njia ya kumfuata. Alikuja kuuchukua. Alipouona unaingia, alishika ubavu akavuta pamoja na wengine, kama mtu yeyote aliyekulia ziwani angefanya. Jirani akagawa kitoweo. Alipomfikia, alimpa migebuka wawili bila kumtazama usoni.

"Chukua, mama. Hapa hatumnyimi mgeni."

Yule mama aliwatazama samaki, kisha akamrudishia. "Baba, hii ya kuvuta muwape wengine. Miye munipatie fungu ya mutumbwi."

Jirani alicheka kicheko cha mtu anayetafuta mashahidi, akasema ule wa mama ulishaoza siku nyingi, huu kaununua kwa jasho lake, na kama anasema uongo watu si hawa hapa, waulizwe. Watu walikuwepo kweli. Mwalimu wetu wa madrasa aligeuka kutazama ziwa, kana kwamba amelipoteza. Muuza mawese alianza kupanga chupa zilizokwisha kupangwa. Bibi yangu, ambaye nyumbani alikuwa na methali hata ya chumvi iliyozidi, alikaza khanga yake akasema jua linazama, twende. Wote walikuwa wamekula samaki wa mtumbwi ule, na wote walikuwa na samaki mkononi. Nilimpenda sana bibi yangu. Siku ile nilimdharau, na dharau hiyo haijatoka.

Mama hakulia wala hakugombana. Alisema tu, "Basi munipatie sufuria yangu."

Jirani alifurahi kuponea hapo. Aliinama mtumbwini, akaitoa ile sufuria iliyobonyea, akamwaga maji, akamkabidhi kwa heshima zote. "Haya, mama, sufuria yako hiyo." Sufuria yako! Ikiwa sufuria ni yake, imeingiaje kwenye mtumbwi ulionunuliwa kwa jasho? Hata sisi watoto tulielewa. Wakubwa walishika samaki wao, wakaanza kuondoka. Mama aliitia kichwani, akapanda kuelekea barabara ya malori.

Siku hizi mtumbwi ule umeshakuwa kuni, migebuka ni wa kuwatafuta, na wazee wa Ujiji wakikaa wanalalamika kwamba utu umepotea. Wanausema utu kama mtu waliyemfahamu, aliyekuwa akishuka nao ufukweni kila jioni. Mimi hapo ufukweni nilimwona mwanamke mmoja akiondoka na sufuria kichwani, na mpaka leo sijui kama alivuka. Hakuna aliyeuliza. Jumamosi iliyofuata jirani alipiga mluzi kama kawaida, tukaenda, tukachota maji kwa kopo la rangi, na samaki walikuwa wengi.