Aliyeamua Gemu Ipi Ni Gemu

Nilikuwa Usagara nasubiri gari nilipopigiwa simu kwamba mwenye chumba cha gemu cha Buhongwa amefariki. Moyo ulisimama akiwa ananyoa ndevu. Nilisema Mungu amrehemu, kwa sababu ndivyo tulivyolelewa, lakini ninyi mnaonisoma kila wiki mnajua sina kipaji cha unafiki. Sikumpenda. Tulifahamiana miaka mingi, na kila mwaka ulinipa sababu mpya.

Kuna jambo alilijua kuliko wengi mjini: ile michezo ya video ambayo mchezaji huvaa uhusika wa mtu mwingine, akasafiri naye, akapigana, akakua naye. Aliigawa vizuri katika aina zake, na mimi nilijifunza kwake. Kuna ya zamu, ambayo adui anakusubiri mpaka uamue la kufanya. Kuna ya mikono, ambayo ukizubaa umekufa. Nyingine inakupa shujaa ambaye njia yake imekwisha kupangwa, na nyingine inakuacha uumbe mtu wako mwenyewe, aishi utakavyo. Angeishia hapo, leo ningemlilia. Lakini kwake ya mikono peke yake ndiyo ilikuwa gemu. Zilizobaki aliziita hadithi za kusubiria ugali, na waliozipenda aliwadharau mbele za watu.

Dada yangu mkubwa ni fundi cherehani hukohuko Buhongwa. Kiharusi kilimwachia mkono wa kulia mzito. Siku moja alipita pale akaona watu wanacheza ile ya zamu, akajaribu, akaipenda, kwa kuwa mle ndani hakuna aliyemharakisha. Aliumba mganga wa kike, akampa jina la mama yetu, akamlea jioni baada ya jioni mpaka akafika kwenye lango la ngome ya mwisho. Siku hiyo nilikuwepo. Mwenye chumba alikuja akasimama nyuma ya kiti chake.

"Mama, hiyo si gemu. Padi ni ya watu wenye mikono."

"Mdogo wangu, mimi simsumbui mtu," dada akajibu.

"Unanijazia mashine. Nahitaji nafasi ya gemu za kweli."

Akamnyang'anya padi, kile kidude cha vitufe cha kuchezea, akafuta kila kitu dada alichokuwa amehifadhi. Watu wakacheka. Nikasimama nikamwambia arudishe.

"Kilichofutwa hakirudi, mwandishi," akasema. "Nenda kaandike."

Dada hakulia pale. Alilia nyumbani, akihangaika kuingiza uzi kwenye sindano, na hakukanyaga tena mlango ule.

Watu wa namna hii tunao kila mahali. Mmoja atakwambia muziki unaoupenda si muziki, mwingine kwamba wewe si Msukuma halisi kwa sababu umekulia mjini. Wanaanza kwa kupanga vitu, kazi halali kabisa, kisha mkono unateleza na wanaanza kupanga watu. Na sisi tunacheka, tukidhani ukali ni dalili ya ujuzi.

Msibani msemaji alimwita marehemu mlezi wa vipaji, na vichwa vikaitikia. Nilitoka nje kabla sijasema neno, nikamkuta dada jikoni na wanawake wenzake, anamenya viazi, amevibana kwa ule mkono mzito.

"Dada, huyu unamfanyia kazi ya nini?"

"Yeye simfanyii kitu," akasema bila kuinua macho. "Mke wake ana wageni."

Nilimwachia wema huo, kwa maana ni wake. Mimi nina kalamu tu, na kalamu haimenyi viazi. Mnaoniambia marehemu hasemwi vibaya, nawaheshimu, ila sikubaliani nanyi. Kutofautisha vitu ni elimu. Kuitumia elimu hiyo kumwondoa mtu kwenye kiti alichokalia kwa furaha ni ukatili, na kifo hakiugeuzi kuwa kitu kingine.