Utitiri Barazani kwa Bibi

Utitiri una tabia moja ya kishenzi: hauna haraka. Kiroboto akikuuma anaruka, angalau ana aibu. Mbu anapiga kelele, anakupa taarifa. Utitiri unapanda mkono wako kimya kimya, mdogo kuliko nukta, unapita kwenye kiwiko kama mtu anayetafuta chumba alichopangishwa, unafika kwapani, unahamia. Ukiubinya unaacha mstari mwekundu, na hiyo damu si yake. Ni yako. Au, mbaya zaidi, ni ya shomoro.

Nasema mapema ili anayesoma huku anakula aweke kijiko chini.

Mimi nasoma Bukoba mjini, kidato cha tatu, nakaa na wazazi. Likizo napelekwa Muleba kwa bibi, mama yake baba. Kibanja chake kiko upande wa Rubya, migomba na mibuni imebanana mpaka jua linapita kwa kuomba ruhusa. Nimesema "napelekwa" kwa sababu sijawahi kuulizwa. Mama anadai nikikosa shule wiki moja, nyumba nzima inapata shinikizo la damu.

Likizo ya mwezi wa sita nilifika kwa bibi nimepakata nyumba ya ndege kwenye bodaboda. Tulitengeneza shuleni, kila mtu ya kwake. Yangu ilikuwa ya mbao za kreti kuukuu, ina tundu mbele, na kifuniko nilikigongelea misumari pande zote kama jeneza la tajiri. Mwalimu aliisifia kwa uimara. Hakuna aliyeuliza itafunguliwaje.

Bibi aliizungusha mikononi, akachungulia tunduni.

"Hili ni sanduku la sadaka?"

"Ni nyumba ya ndege, bibi."

"Ndege wamekuambia hawana nyumba?"

Hata hivyo aliniruhusu kuitundika barazani, chini ya paa, juu ya benchi. Hazikupita siku nyingi shomoro wawili wakaja kuikagua. Dume anaingia, anatoka, anapiga kelele. Jike anaingia, anatoka, anampigia kelele dume. Bibi akaacha kumenya ndizi, akawa anawatazama kwa furaha ambayo sisi wajukuu hatujawahi kuipata.

"Nina wageni," akasema.

Hapo ndipo balaa lilipoanzia, na ili mlielewe lazima niwaeleze habari ya nyasi. Sakafu ya bibi ni ya saruji, lakini saruji kwake ni kama mwili, haitembei uchi. Inatandazwa nyasi, sebuleni mpaka barazani. Mgeni akitarajiwa, nyasi kuukuu zinatolewa, mpya zinatandazwa, na harufu yake inakupokea mlangoni kabla ya mwenye nyumba. Mwanamke wa huku unaweza kumwambia chumvi imezidi kwenye ndizi, akakusamehe. Usimseme nyasi zake.

Sasa bibi akaniita. "Wale wameingia kwenye mbao tupu. Wageni wangu walale kwenye mbao tupu! Watasema nini?"

"Watasema chwi chwi chwi."

"Nenda kawatandikie, mpumbavu wewe."

Nikakata nyasi mbichi. Akazikataa, eti zitawachoma watoto wao. Akafikiri, akanielekeza jikoni, kwenye kapu ambalo kuku wake mwekundu hutagia na kuatamia. "Chukua zile. Kuku ameshazilainisha, na zina manyoya ya joto."

Nikazisokomeza tunduni kwa vidole viwili huku nimebana pumzi, maana kapu la kuku lina harufu yake ambayo Mungu hakuiumbia pua ya binadamu. Bibi akaridhika. Shomoro nao wakaridhika, wakaongeza majani yao juu, wakataga.

Makinda yalipoanguliwa, zamu ya kusalia jumuiya ikaangukia kwa bibi. Wanajumuiya walijaa barazani, wengine chini kwenye nyasi mpya, na mwenyekiti wetu, mama mmoja mnene mwenye kitambaa cha kichwa kama kanisa lenye minara miwili, akapewa benchi la heshima. Chini kabisa ya nyumba ya ndege.

Rozari ikaanza. Fungu la kwanza lilikwenda vizuri. La pili, nikamwona mwenyekiti anajikuna shingo. Kiungwana, kwa kidole kimoja. La tatu, vidole vyote. Mzee aliyekaa karibu naye akaingiza mkono ndani ya shati mpaka kiwiko kikapotea. Kujikuna kukaenea kama miayo. "Utuombee sisi wakosefu," kwaru kwaru kwaru, "sasa na saa ya," kwaru. Nilicheka nikiwa nimeuma rozari, na bibi akanikata jicho ambalo bado ninalo mgongoni.

Tulipomaliza mwenyekiti alisimama, akajikung'uta sketi, akasema kwa sauti tamu, tamu ya kukusudia, na Kihaya cha heshima ndani yake:

"Mama, waitu, nyasi zako za siku hizi zina wenyeji."

"Wenyeji gani?" bibi akauliza.

"Basi tu. Nilikuwa nafikiri, ile sala ya kumbukumbu ya mzee, Jumamosi ijayo, tuifanyie kwangu. Tukupunguzie kazi. Uzee si dhambi, mama."

Wanawake wengine wote wakaona jambo la maana sana la kutazama kwenye vidole vya miguu yao.

"Asante, mwanangu," bibi akajibu. Siku hiyo hakula. Alikaa jikoni anachokoa moto ambao haukuhitaji kuchokolewa. Mwishowe akasema, na hakuwa anasema na mimi: "Babu yenu aombewe kwa jirani, kama mtu aliyefia safarini. Kwa sababu ya nyasi zangu."

Nilichukua kisu, nikaanza kumenya ndizi alizoziacha.

Alichoma nyasi zote. Aliosha saruji kwa maji ya moto, akatandaza mpya alizokata mwenyewe. Kesho yake akakaa barazani, akainuka akijikuna.

Mimi ndiye niliyemwona mchawi. Alhamisi asubuhi nilikaa kwenye lile benchi na kikombe cha chai, nikaona ukingoni mwa kikombe kuna vinukta. Nikapuliza, havikuruka. Vikatembea. Nikainua macho. Ukuta mweupe chini ya nyumba ya ndege ulikuwa umepata rangi ya ugoro, na ule ugoro ulikuwa unashuka taratibu, kwa mistari, kama waumini wanaotoka misa ya pili. Nikapangusa kwa karatasi. Karatasi ikawa na michirizi myekundu. Chai niliyokwisha kunywa ikaanza kuuliza njia ya kurudi.

Nikapanda benchi, nikamulika tunduni kwa simu. Makinda matatu, yamefumba macho, midomo ya njano. Shingo zao zilikuwa nyeusi. Nikasema kumbe yameanza kuota manyoya. Kisha manyoya yakahama.

"Bibi!"

Aliyefika kwanza ni baba mdogo, anayekaa kibanja cha pili na ana ng'ombe. Alitazama ukuta mara moja, akaenda kwake, akarudi na bomba la mgongoni la kupulizia dawa ya kupe.

"Dakika moja tu," akasema. "Napuliza humo tunduni, habari imekwisha."

"Na makinda?" nikauliza.

"Makinda gani? Hao ni wezi wa mtama ambao bado hawajafikisha umri."

Bibi alikuwa amesimama mlangoni. "Mgeni hapulizwi dawa ya ng'ombe."

"Mama, shomoro si mgeni! Chagua basi. Wadudu hawa wakiwepo Jumamosi, kumbukumbu ya baba inakwenda kwa yule mama, na atakusema mpaka Nshamba sokoni."

Bibi akainua macho kwenye nyumba ya ndege. Tundu la nyumba likatoa sauti nyembamba, chwi, moja tu.

"Niachie leo," akasema. "Ikifika kesho jioni bado wapo, utapuliza."

"Utafanyaje? Ukiwagusa hao, mama yao atawakataa. Atanusa mkono wa mtu."

"Mama gani anamkataa mtoto kwa sababu ameogeshwa?"

Tukafungua jeneza langu kwa ncha ya panga. Bibi alijifunga khanga puani, mimi nilijifunga sweta la shule, maana ndilo lililokuwa karibu, na tangu siku hiyo silipendi. Kifuniko kilipong'oka, ndani palikuwa panachemka. Sina neno jingine. Majani yalikuwa yanachemka bila moto, na yalipanda mikono yetu kama yalikuwa yanatungoja sisi.

Bibi akatema mate pembeni. Kisha akatulia, akavuta kitu kutoka chini kabisa ya kiota kwa vidole viwili. Nyoya jekundu.

"Hili ni la kuku wangu."

Tukatazamana. Akaenda jikoni kwenye lile kapu, akainua nyasi, akaziachia haraka. Alirudi anajikuna mkono na uso umemshuka.

"Bojo, mwana wange," akasema kwa Kihaya chake cha huruma. "Tumewatandikia wageni utitiri wa kuku."

Makinda tuliyahamishia kwenye bakuli lenye kitambaa kikavu. Ile kazi siitaki tena maishani hata kwa kulipwa. Kinda la shomoro tayari ni kitu kinachofanana na utumbo wenye mdomo. Sasa ongeza utitiri masikioni, chini ya mabawa, na sehemu nyingine ambazo sizitaji kwa kuwa bibi anaweza kuomba asomewe. Tulipangusa mmoja mmoja. Nilitapika mara moja, kistaarabu, kwenye mgomba. Wawili walikuwa wanatupigia kelele. Wa tatu alilala mkononi kama kipande cha nyama, mweupe, hana hata nguvu za kuchukizwa na sisi.

Kiota tukakitia motoni. Kililia pa-pa-pa kama chumvi. Nyumba ikamiminiwa maji yanayochemka, na yaliyotoka chini yalikuwa na takataka nyeusi zinazoelea, kama chai isiyochujwa. Tangu siku hiyo nyumbani nachuja chai mara mbili, mama anashangaa. Bibi akakoroga majivu na maji kidogo, akasiriba nyufa za mbao, tukaianika juani mpaka ikakauka kabisa. Kapu la kuku likapata adhabu ile ile, na kuku mwekundu akatutukana mchana mzima. Kisha bibi alichukua nyasi kavu safi, akazisugua viganjani mwake mpaka zikalainika kama pamba. Kifuniko hakikupigiliwa tena. Nilikata mpira wa kandambili iliyokufa, nikautumia kama bawaba.

Wakati wote huo jike la shomoro lilikuwa kwenye kamba ya nguo, funza mdomoni, linatulaani bila kumwangusha yule funza. Kipaji.

Tukarudisha makinda, tukatundika, tukajificha jikoni. Jike likaja mpaka tunduni, likarudi kwenye kamba. Likaja tena, likarudi. Bibi alishika mkono wangu, ule ule uliojaa utitiri, akaubana.

"Ingia," akamwambia ndege. "Ingia bwana, ni kwako."

Likaingia. Lilipotoka halikuwa na funza.

Jioni niliogea maji ya majani ya mbilizi, mti mchungu wa dawa, mpaka nikanuka kama dawa ya tumbo. Ijumaa jioni baba mdogo alikuja na bomba lake mgongoni. Bibi alimpa karatasi nyeupe. "Pangusa ukuta." Akapangusa. Akaigeuza karatasi huku na huku kama hati ya kiwanja, akarudi kwake na dawa yake.

Jumamosi alfajiri nilifungua kifuniko. Yule wa tatu alikuwa amekufa. Bibi alimchukua, akamfukia chini ya mgomba, akanawa, akaanza kutandaza nyasi za sala.

Watu walikuja. Mwenyekiti alikuja akiwa amejifunga nguo mpaka shingoni, akaelekea mwisho wa baraza, karibu na ngazi, tayari kukimbia.

"Hapana, mwanangu," bibi akasema. "Kaa mahali pako."

Akakaa kwenye benchi. Mimi sikusali, nasema kweli. Nilikuwa nautazama mkono wa kulia wa mwenyekiti. Fungu la kwanza, umetulia. La pili, umetulia. La tatu mkono ukainuka taratibu kuelekea shingoni, na sauti ya bibi, iliyokuwa inaongoza, ikakatika katikati ya "Salamu". Juu yetu makinda mawili yakapiga kelele za njaa. Mwenyekiti akakamata kitambaa chake, akausogeza mnara mmoja uliokuwa umeinama, akaurudisha mkono mapajani. Bibi akavuta pumzi, akaendelea. Aliyekuwa anajikuna ni mimi peke yangu, na sikuwa na kitu mwilini. Utitiri ukishakutembelea, unakaa kichwani bila kulipa kodi.

Walipokuwa wanaondoka, mwenyekiti aliinama akashika nyasi kidogo, akazinusa.

"Zinanukia, mama."

"Zimeota tu hapo nyuma," bibi akasema, na alipogeuka nilimwona anatabasamu peke yake.

Makinda yalipokwisha kuruka, likizo yangu ikikaribia mwisho, tulishusha nyumba. Kifuniko kikafunguka kwa mpira wa kandambili. Ndani palikuwa na kinyesi kilichogandamana, na utitiri mchache umebaki, unazunguka kama wapangaji ambao hawakuambiwa nyumba imefungwa. Nilikikokota kiota kwa kijiti kirefu, uso nimeugeuzia upande wa Bukoba, mpaka motoni. Maji ya moto tena. Jua tena.

Ilipokauka nikaingia jikoni, nikakuta kapu la kuku. Nikatoka na nyasi kidogo, nimezishika mbali na mwili wangu, nikamwonyesha bibi ili tu nione atafanya nini.

Alinipiga mkono zikaanguka.

"Tundika hivyo hivyo tupu," akasema. "Mgeni huyu huja na nyasi zake."