Matonge Manne ya Méthode

Méthode alifundisha kemia Bujumbura miaka kumi na mmoja. Johannesburg ikampa kirungu na sare, akawa mlinzi wa ghala mjini. Basi mwaka 2011 chuo kimoja cha binafsi kule Bertrams kikatangaza nafasi ya mwalimu wa kemia, naye akaomba. Simu yake ilikuwa imeibwa, kwa hiyo akaandika namba ya Lambert, fundi cherehani Mkongomani waliyeishi naye chumba kimoja Bellevue miaka mitatu, wakila sahani moja. Lambert naye alikuwa na cheti cha kemia cha Lubumbashi, ila kemia yenyewe alishaisahau.

"Wamepiga, kaka," Lambert akamwambia. "Usaili ni Alhamisi. Utafundisha somo moja mbele yao."

Jumapili Méthode akajizoeza, Lambert akiwa mwanafunzi. Akasonga ugali mweupe wa mahindi, akakata tonge moja. Akasonga mwekundu wa mtama, akakata matatu. "Hizi ni obitali za kaboni, yaani nafasi zinamokaa elektroni zake. Hiyo nyeupe ni s, hizo nyekundu ni p. Hazilingani. Lakini kaboni inataka mikono minne iliyo sawa, ishike hidrojeni nne. Ifanyeje?" Akayakanda yote pamoja, akagawa mara nne, rangi moja, ukubwa mmoja. Lambert alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha wakalila somo lote kwa dagaa.

Alhamisi Méthode kafika na koti la kuazima. Mama wa mapokezi akamshangaa: usaili ulifanyika Jumanne, mwalimu keshapatikana, yumo darasani. Jumanne hiyo hiyo Lambert alikuwa ameaga kwamba anakwenda kununua nyuzi.

Mlango wa darasa ulikuwa wazi. Lambert alikuwa amekunja mikono ya shati, anakanda ugali. Kikulacho ki nguoni mwako, na siku hiyo Méthode aliuhisi mng'ato wenyewe. Akaegemea mlango.

Msichana mmoja akanyoosha mkono. "Mwalimu, na ethilini je, ambayo kaboni zake zinashikana kwa vifungo viwili?"

Lambert akatazama matonge yake manne, akatazama dari. Somo la Jumapili halikufika huko. Halafu akamwona aliyesimama mlangoni.

"Huyo ni mlinzi wa mtaani kwetu," akawaambia wanafunzi.

Mlinzi! Mimi ningemwacha aumbuke hapo hapo, na wewe usijifanye mtakatifu, ungemwacha vilevile. Lakini wale watoto walikuwa wameshika kalamu wanangoja, na Méthode hakuwahi kuliacha swali la mwanafunzi likalala.

"Tonge moja jekundu usilikande," akasema. "Changanya matatu tu, upate matatu yaliyo sawa. Lile lililobaki lisimame peke yake, lishikane na mwenzake wa kaboni ya pili. Hicho ndicho kifungo cha pili."

Wakaandika wote. Yule msichana alipomaliza akainua kichwa, akamtazama Lambert.

"Asante, mwalimu," akasema.