Filamu Iliyomwosha Jirani Yetu

Mama yangu ni muosha maiti. Mtaani kwetu Kariakoo, mwanamke wa Kiislamu akifariki, kabla hata turubai halijafungwa barabarani, mtu anatumwa kumwita mama. Anaingia chumbani, mlango unafungwa, na atakachokiona mle hakitoki. Hatuambii hata sisi wanawe. Nimekua nikijua kwamba hayo hayaulizwi.

Ndipo akaja huyu mtengeneza filamu. Kijana wa hapahapa Bongo, amesomea nje mambo ya mila za watu, anaongea taratibu kama anayembembeleza mgonjwa. Alimwamkia mama shikamoo za kutosha, akasema anataka kurekodi kazi ya uoshaji isije ikapotea. Ipotee vipi, na watu wanakufa kila siku? Nilimchukia tangu hapo, sitaki kudanganya.

Mama alikubali kwa sharti moja: hakuna kamera mbele ya maiti. Basi wakaniomba sanamu, lile la kuvalishia magauni dukani kwangu. Mama akalilaza kitandani, akalifunika shuka, akaliosha kama anavyooshwa mtu, kwa maji ya vuguvugu, akianza na upande wa kulia, huku anaeleza. Katikati ya maelezo kijana akamuuliza kama kazi hii ina uzito wake moyoni. Mama akamjibu kwamba wengine unawakuta na alama mwilini, unanyamaza, unawasitiri. Lilikuwa jibu la jumla tu, la mtu aliyeifanya kazi hiyo tangu sijazaliwa.

Wiki ileile akafariki jirani yetu, mwanamke wa nyumba inayofuata. Mama ndiye aliyemwosha. Kijana alikuwa barabarani na kamera yake, akalipiga picha jeneza likitoka, mume wa marehemu akiwa mbele amelishika. Hakuna aliyemkataza. Mtaa ulishamzoea.

Filamu ikaja kuonyeshwa kwenye ukumbi mmoja huko Posta. Tulialikwa, tukavaa vizuri, tukakaa mbele. Binti wa marehemu naye alikuja, kwa sababu aliambiwa maziko ya mama yake yamo. Kwanza ikaonekana mikono ya mama ikimwaga maji. Kisha miguu. Si ya sanamu, miguu ya mtu kabisa, yenye visigino vilivyopasuka, ya mwanamke aliyelipwa mahali fulani alale asitikisike. Kisha jeneza likatoka nyumba ya jirani, mume yuko mbele, na juu ya picha hiyo ikawekwa sauti ya mama: wengine unawakuta na alama mwilini.

Watu walipiga makofi. Binti wa marehemu alitoka kabla taa hazijawashwa.

Nilimkuta kijana kwenye meza ya sambusa, nikamuuliza amefanya nini. Hakuona aibu hata kidogo. Akanieleza kwamba siku hizi filamu za namna hii huchanganya mambo yaliyotokea na hadithi za kutunga, na kwamba yeye anatafuta ukweli wa ndani.

"Dada, kila kipande ni cha kweli," akasema huku anatafuna. "Mimi nimeunga tu."

Midomo ilikuwa inamng'aa kwa mafuta ya sambusa. Mpaka leo nikimkumbuka, naiona hiyo midomo kwanza, na hamu ya kula inanitoka.

Mtaani yakaenea mambo mawili: kwamba mama aliingiza kamera chumbani, na kwamba mume alikuwa akimpiga marehemu. La kwanza tulilikanusha, ingawa wengi walisema miguu ile wameiona kwa macho yao. La pili alilijua mama peke yake. Nikamwambia aseme. Aende kwa yule binti, amwambie mama yake hakuwa na alama yoyote, yaishe. Akanitazama kana kwamba nimemtukana.

"Nikisema huyu hakuwa nayo, kesho nitaulizwa ya mwingine," akasema. "Na huyo nikimnyamazia, nitakuwa nimeshajibu."

Kwenye msiba uliofuata, mama aliinuka kama kawaida kuelekea chumbani. Mwanamke mwenye msiba akamshika mkono, kwa adabu zote, akamwambia, "Mama, wewe kaa hapa na sisi." Walikuwa wamemleta muosha mwingine kutoka Buguruni. Mama akakaa mkekani, akaitikia dua na wenzake. Tukiwa njiani kurudi nyumbani aliniambia kwamba hata yeye, angekuwa na msiba, asingemwita muosha anayesemwa kama yeye.

Yule kijana namtukana karibu kila siku, kimoyomoyo na kwa sauti. Nasikia filamu yake imezunguka nchi za watu na bado inapigiwa makofi. Lakini kuna jambo linalonitia kinyaa kuliko hilo. Mume wa marehemu bado anapita mbele ya duka langu akienda msikitini. Ni mzee mpole, tangu utotoni sijamsikia akimpandishia mtu sauti. Namwamkia shikamoo, ananiitikia marahaba, na macho yangu yanashuka yenyewe kuitazama mikono yake.